Injini Iliyohukumiwa Bure: Kisa cha Puli ya Kranki Kwenye Subaru Impreza WRX

Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004 ililetwa kwenye gereji yetu, Industrial Area, Nairobi, Jumamosi moja asubuhi ikiwa imevutwa kwa kamba nyuma ya pikapu, ingawa ilikuwa na uwezo wa kujiendesha yenyewe. Mwenye gari, kijana anayeishi upande wa Kahawa Sukari, alikuwa ameonywa asithubutu kuiwasha tena. Gereji mbili alizotangulia kupita zilikuwa zimempa jibu moja: injini imenoki, beringi za konrodi, yaani za vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, zimekwisha, na njia nafuu ni kununua injini nyingine iliyotumika kutoka Japani. Alikuwa ameambiwa atafute shilingi laki mbili na nusu, bila kuhesabu mafuta, sili na ufundi. Kwangu hakuja kutafuta uchunguzi. Alikuja kuuliza kama kazi hiyohiyo ningeifanya kwa bei ya chini kidogo.

Hukumu ile haikuwa ya kijinga. Injini ya gari hili ni EJ205, ya lita mbili, yenye turbo na silinda nne zilizolala pande mbili, na katika soko la Japani ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 250. Fundi yeyote wa Nairobi aliyeshika Subaru za turbo kwa miaka michache amekwisha kuona injini za ukoo huu zikifa kwa beringi za konrodi, hasa pale mwenye gari anapolikimbiza Thika Road usiku huku mafuta yakiwa yamepungua bila yeye kupima. Kwa hiyo Subaru ikigonga, kila mtu huwaza beringi kwanza, na wengi huishia hapohapo. Gari hili lilikuwa likigonga kwelikweli: mlio mzito wa kugonga, wenye mpigo wa kufuata mzunguko wa injini, uliosikika hata kwa mtu aliyesimama langoni. Isipokuwa kilichokuwa kikigonga ni puli ya kranki, yaani ile puli kubwa iliyofungwa mbele ya shafti kuu ya injini, inayozungusha mikanda ya alteneta, pampu ya stering na kompresa ya eya kondishena.

Kabla ya kuwasha chochote nilitaka kuyaona mafuta. Tuliyamwaga kwenye beseni pana, tukalitoa nje juani, na msaidizi wangu akayachuja polepole kwenye kitambaa cheupe. Beringi za konrodi zikianza kuliwa huacha ushahidi ambao haufichiki: vipande vidogo vinavyometa, vingine vya rangi ya fedha na vingine vya shaba, ambavyo huonekana vizuri zaidi mafuta yakizungushwa taratibu chini ya mwanga. Hatukuona kitu. Tukakata filta ya mafuta kwa msumeno, tukaikunjua karatasi yake mkunjo kwa mkunjo, na humo pia hapakuwa na chuma. Mafuta yenyewe yalikuwa meusi kiasi cha kawaida na hayakunuka kuungua. Niliposhika mkono wa mwenye gari na kumpeleka kwenye beseni aone mwenyewe, alinitazama kwa mashaka, kama mtu aliyekwisha kuzika akaambiwa maiti anapumua.

Tulitia mafuta mapya na filta mpya, tukafunga geji ya shinikizo mahali pa swichi ya mafuta, tukawasha. Shinikizo lilikuwa sawa, injini ikiwa baridi na hata baada ya kupata moto. Sauti ikaanza palepale. Niliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku, sikio kwenye mpini, nikasogea kutoka nyuma kwenda mbele. Njia hii ni ya kizamani lakini bado sijapata inayonifaa zaidi, kwa sababu chuma hubeba sauti moja kwa moja hadi mfupani, ilhali hewani sauti hutawanyika na kumdanganya msikilizaji. Nyuma kabisa, karibu na gia boksi, mlio ulikuwa hafifu. Pembeni mwa silinda ulikuwa wa wastani. Mbele, karibu na kava ya mkanda wa taiming, yaani ule mkanda wa ndani unaooanisha valvu na pistoni, ulikuwa mkali kiasi kwamba niliondoa sikio.

Hapo nikafanya majaribio matatu, na nayaeleza kwa mpangilio wake kwa sababu kila moja peke yake lingeweza kupotosha. La kwanza lilikuwa kuchomoa waya wa koili ya silinda moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma taratibu. Konrodi iliyolegea hugonga kwa sababu ya kusukumwa na mwako. Mwako ukiondolewa kwenye silinda yake, kwa kawaida sauti hupungua au hubadilika waziwazi. Tulipitia silinda zote nne; injini ilitetemeka kama ilivyotarajiwa, lakini mlio haukujali. La pili lilikuwa kuwasha eya kondishena na kuukata usukani hadi mwisho, ili mikanda ibebe mzigo. Mlio ukapanda. La tatu lilikuwa kuzima injini, kuondoa mikanda yote miwili ya mbele na kuiwasha tena kwa muda mfupi, jambo linalowezekana kwenye injini hii bila kuiunguza, kwa kuwa pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa taiming wala si na mikanda ya nje. Sauti ilipungua karibu nusu, lakini haikuisha.

Jibu hilo la tatu ndilo lililofunga mlango. Kama kosa lingekuwa beringi ya alteneta au ya kompresa, kuondoa mikanda kungelinyamazisha kabisa. Kama lingekuwa ndani ya injini, kuondoa mikanda kusingelipunguza. Kitu pekee ambacho kingepungua bila kuisha ni kile kinachokaa katikati, kimoja kinachoshikwa na kranki kwa ndani na kuvutwa na mikanda kwa nje.

Ili kuhakikisha zaidi, tulirudisha mikanda, na nikachukua ule wino mweupe wa kufutia makosa ambao karani wetu huutumia ofisini, nikachora mstari mmoja mnyoofu kuanzia kichwa cha boliti, ukapita juu ya kitovu cha puli, ukavuka kamba nyembamba ya mpira na kuishia kwenye ukingo wa nje. Injini ilinguruma kwa nusu dakika, tukazima, tukainama na tochi. Mstari ulikuwa umekatika mahali pawili. Kati ya kichwa cha boliti na kitovu kulikuwa na mwachano mdogo, unene wa kucha. Kati ya kitovu na ukingo wa nje mstari ulikuwa umehama kwa upana wa kidole. Maana yake ni kwamba hatukuwa na kosa moja. Tulikuwa na boliti iliyolegea, na tena tulikuwa na puli iliyoachana ndani kwa ndani.

Watu wengi huidhania puli hii kuwa kipande kimoja cha chuma. Ya gari hili ina sehemu tatu: kitovu kinachoingia kwenye pua ya kranki, pete ya nje yenye mifuo ya mikanda, na katikati yao mpira uliobanwa kwa nguvu kiwandani. Kranki haizunguki kwa ulaini kama feni ya umeme. Kwenye injini ya silinda nne hupigwa na mwako mara mbili kila mzunguko, hivyo kwa mizunguko 6,000 kwa dakika ni mipigo 200 kila sekunde, na kila pigo huikunja kidogo kisha huiachia. Mpira ule hulainisha mikunjo hiyo isifike yote kwenye mikanda na vifaa vyake. Ukikauka na kupasuka, au ukilainishwa na mafuta hadi ukaachia chuma, pete ya nje huanza kuteleza: mkanda hulia wakati wa kuwasha, chaji ya betri hushuka, stering huwa nzito kwa ghafla kisha ikarudi sawa, na mtu akiitazama puli kwa pembeni huiona ikicheza kama gurudumu la baiskeli lililopinda.

Mpira wa gari hili uliharibiwa na mafuta ya stering. Pampu ya stering kwenye Subaru hii iko juu, mbele ya injini, na pete ya mpira ya paipu yake ya kunyonya ilikuwa imekakamaa kwa uzee. Tone lake lilikuwa likianguka kwenye mkanda, na mkanda ukilisambaza kwenye puli. Mwenye gari alikiri kwamba kwa miezi mingi alikuwa akiongeza mafuta ya stering kila wiki mbili, na kwamba hakuona haja ya kutafuta yanakokwenda.

Kulegea kwa boliti kulikuwa na historia nyingine. Miezi mitano kabla ya hapo gari lilibadilishwa mkanda wa taiming katika gereji ambayo sina haja ya kuitaja, na ili kuufikia mkanda huo ni lazima puli ya kranki itolewe. Nilimuuliza kijana kama alikuwapo wakati wa kuirudisha. Alikuwapo. Akasema: "Fundi, jamaa aliweka paipu kwenye mkono wa soketi, akaning'inia, akasema hiyo haitoki tena milele."

Kauli hiyo imenifanya nipige hesabu mara nyingi. Mtu wa kilo 60 akining'inia kwenye mwisho wa mkono wa sentimita 75 hutoa karibu nyutoni mita 440. Katika ukoo huu wa injini kipimo cha boliti ya puli hubadilika kulingana na mwaka na toleo. Matoleo ya zamani hukazwa kwa karibu nyutoni mita 130, mengine hufika karibu 180. Kwa hiyo yule fundi, kama kweli aliutumia uzito wake wote, alikaza zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa. Itakuwaje basi boliti iliyokazwa kupita kiasi ikalegea? Inalegea kwa njia mbili, na nadhani hapa zilikutana zote. Boliti hushika kwa sababu imevutwa kidogo kama springi. Ikivutwa kupita uwezo wake hurefuka moja kwa moja na kupoteza ule mvuto. Na kama uso wa kitovu cha puli una uchafu, kutu au tone la mafuta yaliyoganda, nguvu yote huishia kuubana uchafu, ambao baada ya siku kadhaa za joto na mtetemo husagika na kuacha nafasi. Upo pia uwezekano wa tatu, ambao siwezi kuuthibitisha, kwamba aliyekuwa akikanyaga breki ili injini isizunguke aliachia kidogo, kranki ikazunguka, na nguvu iliyoonekana kama ya kukaza ikawa ya kuzungusha injini tu.

Kazi ya kufungua ilitushangaza kwa wepesi wake. Tulitoa feni mbili za rejeta ili kupata nafasi ya mikono, tukaondoa kava ya mikanda na mikanda yenyewe, nami nikatayarisha mkono mrefu na soketi ya milimita 22 nikijua boliti hii kwa kawaida humtoa mtu jasho. Sikuuhitaji. Racheti fupi ilitosha, na boliti ikaja kama ya kifuniko cha mtungi.

Puli ilipotoka, kitu cha kwanza tulichokiona ni vumbi. Lilikuwa la rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, laini kama kakao, limejaa kwenye mfuo wa kitovu na kuzunguka pua ya kranki. Vumbi hilo ni chuma chenyewe. Vyuma viwili vinavyopaswa kubanana vikipata hata nafasi ndogo mno ya kuchezacheza husagana, na unga unaotoka hushika kutu papo hapo. Fundi akiuona hana haja ya kuuliza kama boliti ililegea jana au mwezi uliopita. Unga wa kiasi kile haukusanyiki kwa siku mbili.

Chini ya vumbi kulikuwa na swali lililonikosesha utulivu kuliko yote. Puli na gia ya taiming, yaani gurudumu la meno linalovuta mkanda wa taiming, hukaa kwenye pua moja ya kranki, na kinachozizuia zisigeuke peke yake ni kipande kidogo cha chuma, umbo la nusu mwezi, ambacho mafundi hukiita kii. Kii hulala ndani ya mfuo uliochongwa kwenye kranki. Ikiwa mchezo wa puli umeila kii peke yake, hasara ni ndogo. Ikiwa umeupanua mfuo wa kranki, basi hukumu ya gereji zile mbili ingekuwa sahihi kwa njia ya mzunguko, kwa sababu kubadilisha kranki ni kufungua injini yote. Na kama kii ingekatika barabarani, gia ya taiming ingeteleza, valvu zingekutana na pistoni, maana injini hii haina nafasi ya kusamehe kosa la taiming.

Tuliondoa mkanda wa taiming, tukatoa gia. Mfuo wa kitovu cha puli ulikuwa umepanuka vibaya, ukingo mmoja ukiwa umelala kama mdomo uliovimba. Kii ilikuwa na ngazi upande mmoja, yaani imelika nusu ya kimo chake. Gia ya taiming ilikuwa na alama ya kuanza kulika. Kranki yenyewe tuliisafisha kwa brashi laini na mafuta ya taa, tukaikausha kwa hewa, na kuweka kii mpya. Iliingia kwa kugongwa taratibu na kipande cha mbao, na ilipokaa haikutikisika kwa kidole wala kwa koleo. Nilikagua kingo za mfuo kwa kioo cha kukuzia, nikapitisha ukucha mara kadhaa. Kulikuwa na mkwaruzo, hapakuwa na ufa wala upanuzi. Kitovu cha puli, kikiwa cha chuma laini zaidi, kilikuwa kimebeba sehemu kubwa ya adhabu. Nilitoka nje nikanywa chai kwanza kabla ya kumpigia mwenye gari, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika na ninachokwenda kumwambia.

Mjadala wa puli ipi ya kuweka ulichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Kijana alitaka puli ya alumini, nyepesi, ya rangi ya buluu, ambayo alikwisha kuiona dukani Kirinyaga Road. Nami namwelewa. Anayenunua WRX hajanunua gari la kumfikisha kazini tu. Jina lake hapa kwetu limebebwa na vumbi la Safari Rally, ambako Colin McRae alishinda mwaka 1997 akiwa kwenye Impreza, na mpaka leo vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka huo hulitaja gari kama mtu anayetaja jamaa yake. Tena hoja ya wepesi ina ukweli. Alumini ina karibu theluthi moja ya uzito wa chuma, na kitu chepesi kinachozunguka huongeza kasi kwa nguvu ndogo zaidi.

Hata hivyo nilimpinga, na sababu zangu hazikuwa zote za kiufundi. Kuhusu mtikisiko wa kranki, wauzaji wa puli nyepesi husema kwamba kranki ya Subaru ni fupi, imeshikwa na beringi kuu tano, na kwamba mpira wa puli upo kwa ajili ya kutuliza mikanda tu. Hoja hiyo ina uzito fulani, na najua magari yaliyokimbia miaka mingi na puli za namna hiyo bila kisa. Lakini hili si gari la mashindano linalofunguliwa injini kila msimu. Ni gari la kila siku, na sikuona kwa nini nimwondolee kinga ambayo kiwanda kiliona vyema kuiweka, kwa faida ambayo haisikiki kwenye foleni ya Mombasa Road. Zaidi ya hapo, ile puli ya buluu ilikuwa na kipenyo kidogo kuliko ya asili, na puli ndogo huizungusha alteneta polepole zaidi. Mtu aliyekwama kwenye foleni saa kumi na mbili jioni, taa zikiwaka, eya kondishena na feni za rejeta zikifanya kazi, anahitaji kila mzunguko wa alteneta anaoweza kuupata.

Njia ya pili ilikuwa puli ya asili iliyotumika, iliyovuliwa kwenye injini kutoka Japani. Bei yake ni nafuu, na spea nyingi za namna hiyo huwa nzuri kuliko nakala mpya za bei rahisi. Kwa puli, la. Chuma cha miaka 20 kinaweza kuwa kizima, lakini mpira wa miaka 20 una miaka 20 hata kama gari lilitembea kidogo, na kitovu chake hujui kilikazwa na nani. Tulikubaliana kununua puli mpya ya aina ya asili, boliti mpya, kii, gia ya taiming, na sili ya mbele ya kranki kwa kuwa mahali pake palikuwa wazi tayari. Mkanda wa taiming wenyewe ulikuwa wa miezi mitano, haukuwa na mafuta wala ufa, tukaurudisha.

Kurudisha taiming kwenye injini hii kuna mtego mmoja ambao umewaua wengi, na nilimsimamisha msaidizi wangu auone kwa macho yake. Ile gia ya taiming iliyo kwenye kranki ina mshale uliochongwa mbele, unaovutia jicho na kumfanya mtu aamini kwamba huo ndio wa kulenganishwa. Sio. Alama halali ni mstari mdogo ulio nyuma ya gia, kwenye meno yanayosomwa na sensa, na huo ndio unaopaswa kutazamana na alama iliyo juu kwenye pampu ya mafuta. Anayefuata mshale huweka kranki mahali pasipo pake, na injini ikizungushwa, valvu hulipa. Upande wa kushoto nako kemshafti, yaani shafti zinazofungua valvu, hukaa kwenye mvuto wa springi za valvu, kwa hiyo huruka zikiguswa vibaya; tulizishika kwa subira. Tensheni, kifaa kinachoukaza mkanda, tuliibana kwa jiliwa ikiwa imesimama wima, polepole kwa dakika kadhaa, hadi pini ikaingia, kwa kuwa ikibanwa kwa haraka sili yake ya ndani huharibika. Na kwa kuwa gari ni la gia za mkono, kuna kilinzi cha chuma juu ya gia ya kranki kinachozuia mkanda kuruka jino. Nafasi kati yake na mkanda inapaswa kuwa karibu milimita moja, na tuliipima. Kisha tukaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, tukarudi kukagua alama zote upya.

Ilipofika zamu ya boliti, hesi za ndani ya kranki zilipulizwa kwa hewa hadi zikawa kavu, uso wa kitovu kipya na pua ya kranki vikafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na boliti mpya ikapakwa matone machache ya mafuta ya injini kwenye hesi na chini ya kichwa, kama mwongozo wa kiwanda unavyoelekeza. Mtu akiipuuza hatua hiyo, hata spana ya kipimo inaweza kumdanganya, kwa sababu msuguano wa hesi kavu hula sehemu ya nguvu kabla haijawa mvuto wa boliti. Sikutumia gia ya tano na breki kuizuia injini isizunguke. Njia hiyo hufanya kazi na mafundi wengi huitumia, nami nimeitumia miaka mingi, lakini gia za WRX za hatua tano zina sifa ya kuvunjika meno na sikutaka kuzipa sababu nyingine; nikatumia kishikio chenye pini zinazoingia kwenye matundu ya puli yenyewe. Msaidizi wangu alikaza mwenyewe kwa spana ya kipimo, kwa hatua mbili, akiangalia kipimo cha injini hii hasa kwenye mwongozo na si kile alichokariri kutoka gari jingine. Spana ilipotoa mlio alitaka kuongeza kidogo "kwa usalama." Nikamshika mkono.

Injini iliwaka saa kumi jioni. Ilinguruma kwa ile sauti yake ya kukokota ambayo watu wa Nairobi huitambua wakiwa ndani ya nyumba, na chini ya sauti hiyo hapakuwa na kingine. Mwenye gari alisimama mbele ya boneti bila kusema neno, kisha akauliza kama naweza kuizima na kuiwasha tena. Nikafanya hivyo mara tatu.

Siku mbili baadaye alirudi akiwa na sura nyingine. Gari lilikuwa likilia asubuhi, mlio mkali wa sekunde chache kila linapowashwa. Kosa lilikuwa langu. Ili kumpunguzia gharama nilirudisha mikanda ya zamani ya nje baada ya kuifuta, na mikanda iliyokunywa mafuta ya stering haifutiki. Huonekana kavu, kisha ikipata moto mafuta yaliyozama hurudi juu na kuifanya iteleze kwenye puli mpya. Pete ya paipu ya pampu tulikuwa tumeibadilisha, kwa hiyo chanzo cha mafuta kilikuwa kimefungwa, lakini mabaki niliyaacha mwenyewe. Tukaweka mikanda miwili mipya, na ufundi wa siku hiyo sikumtoza.

Nilimwomba arudi baada ya kilomita 1,000. Kabla hajaondoka mara ya kwanza nilikuwa nimechora tena mstari mweupe, kutoka kichwa cha boliti hadi ukingo wa nje wa puli. Alirudi baada ya wiki sita, gari likiwa na vumbi la Naivasha hadi kwenye madirisha. Tuliinama wote wawili na tochi. Mstari ulikuwa umefifia kwa joto na kupauka rangi, lakini ulikuwa umenyooka.